Peso 5,000++: Kula Kifilipino Kwenye Mkahawa wa Hadhi Bila Kushtushwa na Bili

Ukifungua menyu ya mkahawa wa hadhi ya juu jijini Manila, kuna kitu kidogo ambacho ni rahisi kukiruka kwa sababu macho yanakimbilia majina ya vyakula. Ni alama mbili za kujumlisha baada ya bei: 5,000++. Wenyeji huzisoma "plas plas" na hawazitilii maanani. Sisi ambao kazi yetu kila siku ni malipo, tukiziona tunakaa wima kwenye kiti, maana hapo ndipo pesa zako zinaanza kutoroka.

Unaweza kujiuliza, sasa chakula cha Ufilipino kinatuhusu nini sisi watu wa kutuma na kulipa kwa simu? Kinatuhusu. Wateja wetu wanasafiri kuliko zamani. Kuna wanaofanya kazi Ghuba pamoja na Wafilipino, wakakaribishwa sahani ya adobo kwenye makazi ya wafanyakazi na wakabaki na hamu. Kuna mabaharia, kuna wa mikutano, kuna wa fungate. Wote wakirudi kwetu swali ni lile lile: nikiwa huko nitalipaje, na nitajuaje kama nimelipa bei ya haki?

Kwa hivyo leo tunaenda Manila. Tutakula kwanza, kisha tutahesabu.

Kwa nini Ufilipino, na kwa nini sasa?

Kwa miaka mingi, Mfilipino aliyetaka kumpeleka mtu mahali pa maana alimpeleka kula chakula cha Kihispania, Kifaransa au Kijapani. Chakula cha Kifilipino kilikuwa cha nyumbani, cha sherehe za ukoo, cha mama. Kilipendwa sana, lakini wachache waliamini kwamba mtu angekilipia pesa nyingi kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kama wewe ni Mkenya, hadithi hii unaijua bila kuambiwa. Fikiria tu ni mara ngapi umeona managu na omena kwenye menyu ya hoteli ya nyota tano.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2016 mpishi Jordy Navarra na mkewe May walifungua Toyo Eatery mjini Makati, ndani ya jiji kubwa la Manila. Navarra alikuwa amepitia jikoni maarufu za Uingereza na Hong Kong. Alirudi nyumbani na mkahawa wake akauita "toyo", yaani sosi ya soya, kile kitu cha bei nafuu kinachokaa kwenye kabati la kila jikoni. Jina lenyewe lina hoja: sosi hiyo inaonekana ya kawaida, lakini kuivundika mpaka iive vizuri ni kazi ya subira.

Sahani moja inayotajwa sana pale huitwa Bahay Kubo. Hilo ni jina la nyumba ya kienyeji ya mianzi na nyasi, na pia ni jina la wimbo ambao watoto wa Ufilipino huimba shuleni. Wimbo huo unataja mimea 18 ya shambani: biringanya, njugu, malenge, nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, ufuta na mingineyo. Navarra aliichukua yote 18 akaiweka kwenye sahani moja. Mgeni anaona saladi nzuri, lakini Mfilipino anaikumbuka shule ya msingi.

Mwaka huo huo wa 2016, mpishi Margarita Forés wa Manila alitajwa kuwa mpishi bora wa kike barani Asia. Mwaka 2022, mkahawa wa Kasama wa mjini Chicago ukawa wa kwanza wa Kifilipino duniani kupata nyota ya Michelin. Kisha Oktoba 2025, Michelin wakatoa orodha yao ya kwanza ya Ufilipino, ikihusu Manila na maeneo jirani pamoja na Cebu. Helm wa mpishi Josh Boutwood ulipata nyota mbili. Miongoni mwa waliopata nyota moja ni Toyo Eatery, Hapag na Linamnam. Neno "hapag" maana yake ni meza ya kulia chakula, na "linamnam" ni ule utamu unaobaki mdomoni.

Nyota zikija, bei nazo hupanda na meza hujaa. Ndiyo maana ni vizuri kujua unachoingia.

Mezani kuna nini?

Mikahawa mingi ya aina hii haikupi menyu ndefu ya kuchagua. Wanakuandalia mpangilio mmoja wa sahani ndogo ndogo, pengine nane, pengine kumi na mbili, zinazokuja moja baada ya nyingine kwa saa mbili au tatu. Unalipia mpangilio mzima. Usiogope majina, kwa sababu ladha zake nyingi tunazo nyumbani.

*Sinigang* ni mchuzi mchachu unaopata uchachu wake hasa kwenye ukwaju, ukiwa na nyama au samaki na mboga za majani. Mtu wa Mombasa aliyezoea ukwaju hatashangaa.

*Laing* ni majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi na pilipili, chakula cha mkoa wa Bicol. Ukikulia Kwale au Kilifi, utafikiri wamemuuliza nyanya yako.

*Kare-kare* ni mkia wa ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa njugu. Watu wa Magharibi mwa Kenya wanaopika mboga kwa njugu za kusaga wataelewa mara moja. Huliwa na bagoong, uduvi uliovundikwa kwa chumvi, wenye harufu kali na ladha kali zaidi.

*Kinilaw* ni samaki mbichi anayeivishwa na siki, tangawizi na vitunguu badala ya moto. Siki yenyewe mara nyingi hutoka kwenye utomvu wa mnazi. Utomvu huo huo ukinywewa kabla haujawa siki, wao huuita tuba. Sisi huku tunauita mnazi tu, na tunajua kazi yake.

*Adobo* ni nyama iliyopikwa taratibu kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga na, siku hizi, sosi ya soya. Jina ni la Kihispania, lakini upishi wa siki ulikuwepo kabla ya Wahispania. Kamusi ya Kitagalogi ya mwaka 1613 iliandika kuhusu "adobo ya wenyeji", kwa sababu mgeni aliona kitu kinachofanana na cha kwao akakipa jina lake.

*Bibingka* ni mkate wa mchele na nazi unaookwa kwa makaa juu na makaa chini. Watu wa Lamu na Mombasa, huyo ni ndugu kabisa wa mkate wa sinia.

Mwisho huja kitu cha rangi ya zambarau. Hiyo ni *ube*, aina ya kiazi kikuu, na hiyo rangi ni yake ya asili.

Kwenye mkahawa wa hadhi vyakula hivi haviji jinsi vilivyo nyumbani. Sinigang inaweza kuja kama vijiko vitatu vya mchuzi safi kwenye kikombe. Kare-kare inaweza kuja kama kipande kimoja cha nyama na tone la njugu. Hapo ndipo wengi huuliza: hii kweli ni ya pesa zote hizi?

Anza na kibanda

Ushauri wetu ni huu, na ndio tungetaka uushike hata ukisahau mengine yote: kabla ya kwenda kwenye mkahawa wa peso 5,000, nenda kwanza kwenye kibanda.

Ufilipino kibanda huitwa *carinderia*. Aina moja huitwa *turo-turo*, kutokana na neno "turo", yaani kuonyesha kwa kidole. Vyakula vimepangwa kwenye sufuria, wewe unaelekeza kidole kwa unachotaka, unapakuliwa na wali, unalipa, unakaa. Hapo ndipo utaijua sinigang yenyewe ilivyo, na adobo ya kila siku. Utakula na ushibe kwa pesa kidogo sana.

Kesho yake ukikaa kwenye meza ya hadhi, mpishi akikuletea kile kikombe cha sinigang, utakuwa na cha kulinganisha. Utaonja kilichobaki, kilichoondolewa na kilichoongezwa. Bila hiyo hatua ya kwanza, utakuwa umelipia maigizo ya mchezo ambao hukuwahi kuuona. Hii ni kanuni ya pesa kwa jumla: thamani ya kitu ghali unaijua ukishakijua kile cha bei nafuu kilichokizaa.

Upande wa malipo, kibanda kinataka noti ndogo. Beba za peso 20, 50 na 100. Ukitoa noti ya 1,000 asubuhi mapema, utapewa lile jibu unalolijua hata Gikomba: chenji hakuna.

Sasa tuhesabu hizo alama mbili

Alama ya kwanza ni VAT, ambayo Ufilipino ni asilimia 12. Ya pili ni ada ya huduma, ambayo mara nyingi ni asilimia 10. Ukiona "++" baada ya bei, jua zote mbili zitaongezwa mwishoni. Ukiona "+" moja, uliza ni ipi. Na ukiona imeandikwa kwamba bei imejumuisha kila kitu, basi uko salama.

Hapa kwetu tumezoea vingine. Kwenye mikahawa mingi ya Kenya, VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 huwa vimeshaingizwa kwenye bei ya menyu. Ndiyo maana jicho la Mkenya halitafuti nyongeza.

Wacha tuhesabu pamoja. Kiwango cha kubadilisha pesa hupanda na kushuka, kwa hivyo hapa tutatumia mfano wa shilingi 2.25 kwa peso moja. Bei hii ya chakula pia ni ya mfano tu:

- Bei kwenye menyu: peso 5,000 (shilingi 11,250)
- VAT asilimia 12: peso 600
- Ada ya huduma asilimia 10: peso 500
- Jumla: peso 6,100 (shilingi 13,725)

Tofauti ni shilingi 2,475, na bado hujanunua kinywaji. Mkiwa wawili ni shilingi 4,950, ambayo ni nauli ya kwenda na kurudi upcountry kwa watu wengi. Vinywaji navyo huwa na ++ zake. Maji ya chupa hulipiwa. Ukitaka ya bure, omba "service water", ndivyo wanavyoyaita.

Kuna jambo zuri la kujua kuhusu hiyo ada ya huduma. Tangu mwaka 2019, sheria ya Ufilipino inasema ada yote ya huduma inayokusanywa, asilimia 100, igawiwe wafanyakazi wa kawaida, mameneja wakiachwa nje. Kwa hivyo ukiilipa, inamfikia mhudumu na mpishi wa nyuma. Bakshishi juu ya hapo si lazima. Ukipendezwa, kuacha chenji mezani kunatosha na kunapokelewa vizuri.

Kulipa: kabla hujaondoka nyumbani

Mkahawa wenye viti vichache hauwezi kukuwekea meza halafu usitokee. Kwa hivyo wengi huomba amana, au huchukua nambari ya kadi yako na kukutoza ukikosa kuja bila taarifa. Hapa kadi pepe iliyounganishwa na pochi yako ya simu inafanya kazi nzuri. Unaweka kiasi unachohitaji tu, unalipa mtandaoni, na akaunti yako kubwa haiguswi. Zingatia haya:

1. Soma masharti ya kughairi. Je, ni saa 24 kabla, au saa 72? Ndege zikichelewa kule Dubai au Doha, hawa hawatajua.

2. Usiifute kadi pepe baada ya kulipa amana. Pesa zikirudishwa, hurudi kwenye kadi ile ile iliyotumika. Ukiifuta, utaanza kufuatilia marejesho kwa barua pepe ukiwa umesharudi Nairobi.

3. Hakikisha laini yako ya Kenya itapokea ujumbe ukiwa nje. Washa huduma hiyo kabla ya kupanda ndege. Nambari ya siri ya kuthibitisha muamala huja kwa SMS, na usipoipata, kadi yako ni picha tu.

4. Kadi pepe isiyoweza kugusishwa kwenye mashine haitakusaidia mezani. Kama simu yako haina uwezo wa kulipa kwa kugusisha, beba kadi ya plastiki pia.

5. Mtu akikupigia akisema anatoka mkahawani na anataka hiyo nambari ya siri "athibitishe meza", kata simu. Mkahawa wa kweli hauhitaji nambari hiyo kukuwekea kiti. Sheria hii haibadiliki hata ukivuka bahari ngapi.

Kulipa: ukiwa mezani

Kwanza, jinsi ya kuomba bili. Wafilipino husema "bill out po", huku wakichora kisanduku hewani kwa vidole. Hilo "po" ni neno la heshima, na ukilitumia utaona nyuso zikichangamka. Mhudumu mwanaume humwita *kuya*, yaani kaka mkubwa, na mwanamke *ate*, dada mkubwa. Inatoka kirahisi tu kwa mtu aliyezoea kuita watu kaka na auntie.

Pili, ile mashine ya kadi. Wawili wetu tulipokuwa Makati kwa kikao cha kikazi, tulimaliza chakula na mhudumu akaleta mashine. Skrini ikatuuliza: mnataka kulipa kwa peso au kwa shilingi ya Kenya? Mhudumu kwa ukarimu akasogeza kidole upande wa shilingi, akisema itakuwa rahisi kwenu. Tukamwambia, asante kuya, peso tafadhali.

Kwa nini? Ukichagua shilingi, kazi ya kubadilisha pesa inafanywa na kampuni iliyo nyuma ya mashine ile, kwa kiwango inachojipangia yenyewe. Ukichagua peso, kubadilisha kunafanyika kwenye mtandao wa kadi yako, ambapo kwa kawaida kiwango ni nafuu zaidi. Tuseme kampuni ya mashine imeongeza asilimia 5. Kwenye bili yetu ya shilingi 13,725, hiyo ni shilingi 686 umezitoa kwa sababu ya kugusa kitufe kimoja. Na usidhani ukilipa kwa shilingi umekwepa ada ya muamala wa nje. Kuna watoaji wa kadi wanaoitoza vilevile, kwa kuwa muamala umefanyika nje ya nchi.

Kwa hivyo kanuni ni fupi: ukiwa ugenini, lipa kwa pesa za huko. Ni hivyo hivyo kwenye mashine ya kutolea pesa. Huko pia jua kwamba benki nyingi za Ufilipino humtoza mwenye kadi ya kigeni takriban peso 250 kila anapotoa. Hiyo ni kama shilingi 560. Toa mara moja kiasi cha kutosha badala ya mara tano kidogo kidogo.

Tatu, soma risiti kabla ya kugusisha kadi. Angalia idadi ya vinywaji, angalia kama ada ya huduma imeshaingia, angalia kama amana uliyolipa imekatwa. Hakuna aibu. Ni pesa zako.

Vipi kuhusu pochi za simu za huko?

Hapa tunahitaji unyenyekevu kidogo. Sisi Wakenya tunapenda kusema tulivumbua pesa za simu. Ukweli ni kwamba GCash ya Ufilipino ilianza mwaka 2004, na M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Tulichofanya sisi ni kuifikisha kwa kila mtu, mpaka kwa mama mboga, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wa kwanza hatukuwa.

Leo Manila utaona msimbo wa QR kila mahali, kama unavyoona nambari ya till hapa. Wana mfumo mmoja wa kitaifa unaoitwa QR Ph, unaoruhusu pochi na benki tofauti kusoma msimbo ule ule. GCash na Maya ndizo utakazozisikia sana. Kwa mgeni wa wiki moja, lakini, usizipange kama tegemeo lako. Kusajiliwa kunahitaji laini ya huko na uthibitisho wa kitambulisho. Panga kadi kwa mkahawa na noti kwa kibanda, na utapita vizuri.

Mkiwa kundi, fahamu misemo miwili. "KKB" ni kila mtu ajilipie. "Libre" ni kwamba mmoja anawalipia wote, na mwenye siku ya kuzaliwa ndiye hutarajiwa kufanya hivyo. Kwa hiyo kama ni siku yako, kuwa na salio. Mkichanga, mmoja alipe bili yote kwa kadi, halafu nyinyi Wakenya mtumiane kwa simu jioni ile ile, kabla kumbukumbu haijapungua.

Kwa wasiokula nguruwe

Tuwe wazi: nguruwe yuko sana kwenye chakula cha Ufilipino. Lechon ni nguruwe mzima wa kuchoma, na sisig asili yake ni nyama ya kichwa cha nguruwe. Mafuta yake yanaweza kuwa kwenye mboga usiyoishuku. Kwa kuwa menyu ya mpangilio hupikwa kwa hesabu, andika mapema unapoweka nafasi: hakuna nguruwe, hakuna pombe, au nina mzio wa njugu au uduvi. Ukisubiri ufike mezani, jikoni watakuwa hawana la kufanya.

Kama unataka halali kamili, Ufilipino ina upishi wake wa Kiislamu, wa watu wa Mindanao na Sulu upande wa kusini. Tafuta *tiyula itum* ya Watausug, mchuzi mweusi wa nyama unaopata rangi yake kutokana na nazi iliyochomwa. Manila yenyewe, eneo la Quiapo karibu na msikiti wa dhahabu lina vibanda vya chakula cha Kiislamu.

Je, inafaa kweli?

Shilingi 13,725 kwa mlo mmoja. Tunajua wengine mmesoma mpaka hapa mkitikisa kichwa. Hiyo ni kodi ya nyumba mahali fulani, na ni karo ya mtu. Hatutakuambia kwamba lazima ule hivyo ndiyo uwe umesafiri. Ukila kwenye carinderia wiki nzima, utarudi ukiwa umekula Ufilipino kweli.

Lakini kama ni ndoto yako, iwe ndoto iliyolipiwa mapema. Fungua lengo la akiba kwenye pochi yako ulipe jina, lisikae tu kama "akiba". Shilingi 100 kwa siku kwa siku 180 ni shilingi 18,000. Hiyo inatosha mlo wetu wa mfano, kinywaji, teksi ya kurudi hotelini na kidogo cha kibanda. Mkopo wa simu kwa ajili ya chakula hatukushauri kabisa. Chakula kinaisha kwa saa tatu, deni linakaa mezani.

Na kuna sababu moja zaidi ya kulipia mlo kama huu angalau mara moja. Utakuwa umelipia wazo ambalo bado tunabishana nalo hapa nyumbani. Wafilipino waliangalia sosi ya soya, ukwaju, majani ya magimbi na wimbo wa watoto, wakasema hivi vinatosha. Hawakungoja mtu wa nje awaambie ndipo waanze kupika. Walipika kwanza, wakaweka bei, watu wao wenyewe wakalipa, na nyota zikaja baadaye.

Sasa tuulizane ukweli. Kama mpishi wa Kisumu au Malindi angekuandalia sahani kumi za mrenda, mursik, omena, mkate wa sinia na viazi vikuu, zimefikiriwa vizuri, kila moja na hadithi yake, ungelipa shilingi ngapi? Wengi wetu tungesema mia tano, kisha tuombe punguzo. Chakula cha mgeni tunakilipia bila kuuliza, cha kwetu tunakipigania bei. Huyo mpishi hawezi kuishi kwa sifa. Anahitaji mteja wa kwanza atakayelipa bei kamili.

Kabla ya safari yako ijayo, fungua programu yetu uangalie mambo matatu: kadi yako imeruhusiwa kutumika nje ya nchi, kikomo chako cha siku kinatosha bili yenye ++, na laini yako itapokea SMS ukiwa huko. Ukikwama, tuandikie kwenye sehemu ya msaada. Na ukifika Manila, usisahau: kibanda kwanza, peso kila wakati, na "po" mwishoni.